Kununua gari New Hampshire ukiwa mkazi wa Maine: kodi utailipa wapi?

Swali: "Ndugu mtaalamu, mimi na mume wangu tunaishi Portland, Maine, huu ni mwaka wetu wa tano. Watoto wamekuwa watatu na gari letu dogo halitutoshi tena. Tumeona Toyota RAV4 iliyotumika, yenye umri wa miaka mitatu, katika yadi moja ya magari Portsmouth, New Hampshire, kwa dola 24,000, na yadi hiyo iko tayari kuchukua Corolla yetu ya zamani kwa dola 5,000. Mwenzangu wa kazini anasema New Hampshire hawatozi kodi ya mauzo, hivyo tutaokoa zaidi ya dola 1,300. Shemeji yangu anabisha; anasema tutatozwa mara mbili, huko na huku, na kwamba njia ya kukwepa ni kulisajili gari kwa anwani ya binamu yake anayeishi Manchester, New Hampshire. Wakati huohuo kuna mtu Massachusetts anauza gari lake mwenyewe kwa dola 14,000 na amejitolea kuandika 8,000 kwenye karatasi ili kodi ipungue. Halafu kila mwaka tunalipa kodi ya Corolla pale ofisi ya jiji. Je, hiyo siyo kodi yenyewe? Nimechanganyikiwa, naomba unieleze taratibu."

Dada yangu, katika swali lako nasikia hofu mbili zinazovutana: hofu ya kulipa mara mbili, na hofu ya kuonekana mjinga kwa kulipa kitu ambacho wenzako wanadai kinaepukika. Nianze na jibu ili usome maelezo yanayofuata kwa utulivu. Mkilinunua gari la Portsmouth mtalipa kodi mara moja tu, mtailipa kwa jimbo la Maine, kwa kawaida mtailipa siku mtakapolisajili, na kiwango chake ni asilimia 5.5. Kwa kuwa mnatoa Corolla kama sehemu ya malipo, kiasi chenyewe kitakuwa dola 1,045, wala si ile 1,320 ambayo mwenzako wa kazini aliikokotoa. Mwenzako amekosea, shemeji yako naye amekosea, ingawa kila mmoja ameshika kipande cha ukweli.

Kipande alichoshika mwenzako ni hiki: ni kweli kwamba New Hampshire haina kodi ya mauzo kwa bidhaa za kawaida, likiwemo gari. Ni mojawapo ya majimbo matano yasiyo na kodi ya mauzo ya jimbo zima, pamoja na Oregon, Montana, Delaware na Alaska. Si kwamba huko hakuna kodi kabisa, kwani mkikaa mgahawani Portsmouth mkala chakula cha mchana, risiti itakuja na kodi ya asilimia 8.5 ya vyakula na vyumba vya wageni. Lakini yadi ya magari haitawatoza kitu kwa jina la kodi ya mauzo, na hapo ndipo mwenzako aliposimama, akadhani safari imeishia hapo.

Sehemu ya mkanganyiko huu inatokana na tulikotoka. Tanzania bara tumezoea kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, Kenya asilimia 16, na mara nyingi imekwishajumuishwa katika bei unayoiona dukani. Ni kodi ya taifa zima, na bidhaa uliyoinunua Mwanza haidaiwi tena ukifika nayo Tanga. Marekani haina kodi ya mauzo ya taifa. Kila jimbo lina sheria yake, na katika majimbo mengi miji na kaunti huongeza asilimia zao juu ya ile ya jimbo, ndiyo maana bei iliyobandikwa kwenye rafu siyo unayoombwa kaunta. Maine katika hili ni nyepesi, kwa kuwa haina kodi ya mauzo ya mji wala ya kaunti. Iwe Portland, Lewiston au kijiji cha kaskazini, kiwango cha gari ni kilekile.

Sasa fikiria tatizo linalolikabili jimbo lenye kodi lililopakana na jimbo lisilo nayo. Kama kodi ingeishia pale tu mauzo yanapofanyika, kila mtu wa kusini mwa Maine angevuka daraja la mto Piscataqua kwenda kununua, na wauzaji wa upande wa Maine wangefunga maduka. Majimbo yaliliona hilo mapema, yakatunga kodi pacha inayoitwa kodi ya matumizi. Hoja yake ni nyepesi: kama kitu kimenunuliwa nje bila kodi, halafu kikaletwa kutumika ndani ya jimbo, jimbo hutoza kiwango kilekile kwa ajili ya kule kukitumia. Hii si mbinu ya juzi. Mwaka 1937 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la makandarasi waliokuwa wakijenga bwawa la Grand Coulee katika jimbo la Washington, ambao walikuwa wamenunua mitambo nje ya jimbo na hawakutaka kulipa asilimia 2 iliyodaiwa walipoileta. Jaji Cardozo, aliyeiandika hukumu, alisema jimbo lina haki ya kutoza, na sababu mojawapo ni kwamba sheria ile ilimpunguzia mnunuzi kodi aliyokwisha kuilipa kwingine. Ulishike hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linalojibu hofu ya shemeji yako, na nitalirudia.

Kwa nadharia, kodi ya matumizi inahusu hata sofa au televisheni mliyoibeba kutoka New Hampshire, na fomu ya kodi ya mapato ya Maine ina mstari wa kuitangazia. Wangapi wanaujaza mstari huo ni habari nyingine. Gari halina mahali pa kujificha. Haliwezi kutembea barabarani bila pleti, pleti haitoki bila usajili, na usajili wa Maine hautoki mpaka suala la kodi limemalizwa. Kwa hiyo swali la kujiuliza katika mambo haya siyo gari limenunuliwa wapi, bali litalala wapi usiku. Likilala Portland, kodi yake iko Maine, hata kama mlilinunua Florida mkaliendesha siku tatu.

Nikueleze jinsi mambo yanavyokwenda, maana wengi hushtukia kaunta. Mnafika ofisi ya jiji mkiwa na hati ya mauzo kutoka yadi, ombi la hati ya umiliki, uthibitisho wa bima na kadi ya usajili ya Corolla. Karani anaichukua hati ya mauzo na jicho lake linakwenda sehemu tatu: bei ya gari, thamani ya gari lililotolewa kama malipo, na mstari wa kodi. Mstari wa kodi ukiwa mtupu au umeandikwa sifuri, anatoa thamani ya Corolla katika bei, anazidisha kwa asilimia 5.5, anakugeuzia karatasi uone jumla. Hakuna kubishana wala kusubiri barua. Yapo mayadi ya New Hampshire, hasa makubwa yaliyozoea wateja wa Maine, yanayokusanya kodi ya Maine yenyewe na kuipeleka. Hayo yatakuwa yameujaza mstari ule, nanyi hamtadaiwa tena. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kabla ya kutia sahihi mmuulize muuzaji swali moja: "Kodi ya Maine iko ndani ya jumla hii, au tutailipa wenyewe?"

Jibu la swali hilo lina uzito hata katika mkopo. Ikiwa kodi haimo katika hati ya yadi, kwa kawaida haitakuwa imeingizwa katika mkopo wa benki pia, na dola 1,045 zitatakiwa taslimu siku ya kusajili. Nilikuwa na mteja mmoja, baba wa familia, aliyekuja kwangu mwezi Februari na bahasha iliyolowa theluji. Gari alilipata kwa bei nzuri kabisa, malipo ya mwezi aliyamudu, lakini pleti ya muda ilikuwa imebakiza siku nne na kodi hakuwa amewekea akiba hata senti kumi. Hakudhulumiwa na mtu. Aliambiwa "hakuna kodi", na sentensi hiyo ilikuwa kweli mahali ilipotamkwa.

Niirudie hofu ya kutozwa mara mbili. Maine, kama majimbo mengi yenye kodi hii, hukupunguzia kodi ya mauzo uliyoilipa kihalali katika jimbo jingine. Chukua mfano wa gari la dola 20,000. Kwa kiwango cha Maine kodi ni dola 1,100. Kama jimbo la kwanza lilikutoza asilimia 3, yaani dola 600, Maine itadai tofauti ya dola 500 tu. Kama lilikutoza asilimia 6, yaani dola 1,200, Maine haitakudai kitu, lakini pia haitakurudishia ile 100 iliyozidi. Kwa hiyo mzigo wako wa mwisho ni kiwango kikubwa kati ya viwili, kamwe siyo jumla ya viwili. Sharti ni ushahidi: Maine haitapunguza kodi kwa maneno, itapunguza kwa hati inayoonyesha kiasi kilicholipwa na jimbo lililokipokea. Kwa gari la Portsmouth hakuna cha kupunguzwa, kwa sababu hakuna kilicholipwa.

Kuhusu Corolla, hapa pana fedha ya kweli ambayo hakuna aliyekutajia. Sheria ya Maine hutoza kodi juu ya tofauti tu pale gari linapotolewa kama sehemu ya malipo ya gari jingine: 24,000 ukitoa 5,000 inabaki 19,000, na asilimia 5.5 yake ni dola 1,045. Mmeokoa dola 275 bila ujanja wowote. Hesabu hiyo inawasaidia pia kuamua kama ni bora kumpa muuzaji Corolla au kuitangaza wenyewe na kumuuzia mtu binafsi, kwani mkiiuza pembeni punguzo hilo linapotea. Ili kuuza wenyewe kuwe na faida, mnunuzi wenu lazima atoe zaidi ya dola 5,275, na mimi ningeongeza kitu juu ya hapo kwa ajili ya usumbufu wa simu za usiku na watu wanaoahidi kuja Jumamosi wasionekane. Ikiwa mtu wa uhakika anawapa 6,000, muuzieni. Ikiwa anawapa 5,200, iachieni yadi. Hakikisheni tu kwamba ile 5,000 imeandikwa wazi kwenye hati ya mauzo kama thamani ya gari lililotolewa, isije ikamezwa ndani ya "bei maalumu" ya 19,000 huku Corolla haitajwi popote.

Sasa ile kodi ya kila mwaka. Hapana, dada, siyo kodi yenyewe, na hulipwa na kila mmoja awe amenunua gari Maine, New Hampshire au amepewa na shangazi. Jina lake la Kiingereza ni "excise tax", lilelile ambalo nyumbani tunalitafsiri "ushuru wa bidhaa", na nadhani tafsiri hiyo imewapoteza wengi, kwa kuwa hapa haihusiani na bia wala sigara. Kwa tabia yake inafanana zaidi na ile rodi laisensi ambayo Tanzania iliifuta mwaka 2017. Ni kodi ya manispaa, hulipwa ofisi ya jiji kabla ya usajili wa kila mwaka, na inakokotolewa kwa namna inayowashangaza watu: msingi wake siyo bei mliyonunulia, bali bei ya kiwandani iliyobandikwa kwenye kioo cha dirisha gari lilipokuwa jipya. Katika mwaka wa kwanza ni dola 24 kwa kila dola 1,000 za bei hiyo, kisha 17.50, kisha 13.50, kisha 10, kisha 6.50, na kuanzia mwaka wa sita inatulia kwenye dola 4. Gari lililoanza na bei ya dola 30,000, likiwa katika mwaka wake wa nne, hudaiwa dola 300. Mwaka unaofuata 195. Halafu 120 na kuendelea hivyo. Kwa maana hiyo, gari lenu jipya litawagharimu zaidi ofisi ya jiji kuliko Corolla, na ni vizuri mlijue hilo kabla. Mwombeni muuzaji nakala ya ile karatasi ya dirishani. Na kama mlikwisha kuilipia Corolla na mwaka wake wa usajili haujaisha, kiasi mlicholipa kinaweza kuhesabiwa katika kodi ya gari jipya mnapohamisha usajili, na ndiyo sababu nimeitaja kadi yake miongoni mwa karatasi za kubeba.

Je, kuna maana yoyote basi ya kwenda Portsmouth? Ipo, ikiwa bei yenyewe ni nafuu. Baada ya kodi kusawazishwa, yadi ya New Hampshire inabaki kuwa yadi kama nyingine, na mnapaswa kuilinganisha na za Maine kwa jumla ya mwisho: bei, ada ya makaratasi ambayo kila yadi inajipangia, kodi, na thamani wanayowapa kwa Corolla. Mara nyingi ada ya makaratasi ndiyo inayobadilisha hesabu kuliko watu wanavyodhani. Mwambieni fundi wenu alitazame gari chini ya uvungu, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani majira ya baridi huku kaskazini hula chuma, na Maine inataka gari likaguliwe kila mwaka. Kutu iliyotoboa uvungu itawagharimu zaidi ya kodi tunayoijadili.

Nakuja kwenye ushauri wa shemeji, na hapa nitasema bila kuzunguka: msifanye. Gari lenu litalala Portland, watoto watapelekwa shule Portland, mume wako ataliegesha kazini Portland. Kulisajili kwa anwani ya binamu ni kutoa tamko la uongo mbele ya jimbo la New Hampshire kwamba mnaishi huko, na ni kukataa kulisajili mahali ambapo sheria ya Maine inawataka. Tuiweke kando hata faini. Bima hupangwa kwa anwani gari linapolala. Siku gari litakapogongwa, mtu wa kampuni ya bima atakuja kuuliza maswali hayohayo ambayo mimi nimekwisha kuyajibu, na akigundua kwamba mlidanganya anwani ana sababu ya kugomea malipo. Dola 1,045 mlizoziokoa zitakuwa zimewaweka mahali ambapo mnaweza kupoteza gari la 24,000 na bado mkadaiwa mkopo wake. Ujanja huu una kaka yake mkubwa, ule wa matajiri wanaofungua kampuni ya karatasi Montana ili gari la kifahari lisajiliwe kwa jina la kampuni hiyo. Majimbo kadhaa, California ikiwamo, yamekuwa yakiwafuata watu hao na kuwadai kodi pamoja na adhabu.

Pendekezo la yule bwana wa Massachusetts ni la familia hiyohiyo. Kwanza fahamu kwamba mnaponunua kwa mtu binafsi, yeye hakusanyi kodi yoyote. Mtalipa Maine asilimia 5.5 ya bei halisi mnaposajili. Kuandika 8,000 badala ya 14,000 kunapunguza msingi kwa dola 6,000, yaani mnaokoa dola 330. Kwa dola hizo 330 mnatia sahihi karatasi ya uongo, na karatasi hiyo hiyo ndiyo ushahidi wenu pekee wa mliyolipa. Kama injini itakufa wiki ya pili kwa kasoro aliyoificha, mkaenda mahakamani, karatasi yenu inasema mlilipa 8,000. Yeye hatapoteza kitu. Ukarimu wake unawagharimu ninyi tu.

Kuna jambo jingine ambalo mtaalamu mzaliwa wa hapa asingeligusa, lakini wengi wetu tuko njiani kuelekea uraia. Fomu ya kuomba uraia wa Marekani inauliza kama unadaiwa kodi yoyote iliyopita muda wake, ya taifa, ya jimbo au ya mji. Kodi ya gari ni kodi ya jimbo. Sisemi kwamba kosa la dola 330 linamfungia mtu mlango. Nasema kwamba ukikaa mbele ya afisa na kuulizwa swali hilo, ni heri uwe huna cha kukumbuka.

Kwa wasomaji waliohamia Maine kutoka majimbo mengine, ambao wengi walitua kwanza Texas au Kentucky kabla ya kupanda kaskazini, hali ni tofauti na ya dada huyu. Maine husamehe kodi ya matumizi kwa gari ulilonunua na kulitumia ukiwa mkazi wa jimbo jingine, mradi wakati wa kulinunua ulikuwa umeajiriwa huko au umejiandikisha kupiga kura huko. Asiye raia hapigi kura, kwa hiyo kwake ajira ndiyo ushahidi. Tunzeni hati za mshahara za miezi ile, pamoja na hati ya mauzo. Hata msamaha huo usipokuhusu, kama ulilipa kodi ya gari Texas, ambayo ni asilimia 6.25, ile kanuni ya kupunguziwa inafuta deni lako la Maine. Tatizo ninaloliona mara kwa mara siyo sheria bali karatasi, kwani familia imehama mara tatu na boksi la nyaraka limebaki kwa jamaa wa San Antonio.

Wanaoishi kwingine nao wasichukue tarakimu za Maine kama za kwao. Texas, kwa gari lililonunuliwa kwa mtu binafsi, hulinganisha bei mliyoandika na thamani ya kawaida ya soko, na kama bei iko chini ya asilimia 80 ya thamani hiyo, kodi hutozwa juu ya hiyo asilimia 80, hivyo ujanja wa kupunguza bei umezibwa tangu mwanzo. North Carolina hutoza asilimia 3, Virginia asilimia 4.15, Kentucky asilimia 6, kila moja kwa jina lake na kanuni zake. Florida humtoza mnunuzi mgeni kwa kiwango cha jimbo lake la nyumbani badala ya kumwacha aondoke bure. Na California ina mtego usiohusu kodi kabisa: mkazi wake akinunua nje gari lenye chini ya maili 7,500 ambalo halikutengenezwa kwa viwango vya moshi vya jimbo hilo, kwa kawaida hataweza kulisajili. Huyo hata akilipa kodi yote, gari litabaki pambo uani.

Mpaka hapa unaweza kumaliza jambo lako bila kumlipa mtaalamu. Lakini zipo hali ambazo maandishi haya hayatoshi, na ni lazima uonane na mtu ana kwa ana. Ikiwa muuzaji hana hati ya umiliki mkononi, au hati inaonyesha jina la benki ambayo bado inamdai, usitoe fedha mpaka umepiga simu kwa hiyo benki au umepata mtu wa kukusaidia. Ikiwa umepokea barua kutoka ofisi ya mapato ya Maine kuhusu gari ambalo tayari unalo, ipeleke kwa mtayarishaji wa kodi kabla tarehe iliyoandikwa haijapita. Usiifungie kwenye droo. Ikiwa familia imekwisha kusajili gari katika jimbo lisilo lake, ianze na mtu wa kodi ili deni lirekebishwe kwa hiari, na kama kuna maombi ya uhamiaji yanayoendelea, izungumze na wakili wa uhamiaji kabla ya kuandika barua yoyote. Na kama tatizo ni Kiingereza cha makaratasi tu, mwombe karani mkalimani wa Kiswahili. Watu wa Portland wanaona haya kuomba, lakini makarani wa huku wamekwisha kuzoea, na wengi huita mkalimani kwa simu bila kunung'unika.

Kwa upande wako, dada, ningefanya hivi. Kabla ya kwenda yadini, piga simu ofisi ya jiji, uwasomee bei, thamani ya Corolla na bei ya kiwandani, wakutajie jumla ya siku ya usajili, kodi zote mbili pamoja na ada, na fedha hiyo itengwe isiguswe. Huko yadini, soma hati ya mauzo mstari kwa mstari, hakikisha 24,000 na 5,000 zimeandikwa kila moja peke yake, na uliza pleti ya muda watakayowapa inaisha lini. Kisha mume wako aipigie kampuni ya bima akiwa bado ameketi mezani kwa muuzaji, gari liingizwe kwenye bima kwa anwani ya Portland kabla hajapokea funguo. New Hampshire hailazimishi madereva wengi kuwa na bima, kwa hiyo huenda pale hakuna atakayewauliza. Maine inalazimisha, na mpaka uko katikati ya daraja.